Chujio la petroli: Jinsi ya kulibadilisha katika gari la kale la michezo

DEREVA anayeteremka kutoka mji wa Embu kuelekea Gachoka, katika nyanda kavu za Mbeere, huagana na baridi ya miteremko ya Mlima Kenya na kupokewa na joto na vumbi. Kwa gari la kisasa, hiyo ni safari ya kawaida. Kwa gari la kale la michezo, mathalani Datsun 240Z iliyoundwa mapema katika miaka ya 1970, safari hiyo hiyo ni mtihani.

Aghalabu gari huondoka likinguruma vyema. Likifika kwenye mwinuko wa kwanza wa safari ya kurudi, huanza kukohoa, hupungukiwa na nguvu na hatimaye huzimika kando ya barabara. Likipumzishwa dakika chache huwaka tena, kana kwamba halikuwa na kasoro yoyote. Likiongezwa kasi, ugonjwa hurudi.

Wengi hukimbilia kulaumu kabureta, plagi au fundi aliyeligusa mwisho. Lakini mara nyingi chanzo ni kifaa kidogo kisichozidi ukubwa wa kiganja, ambacho bei yake haifikii hata sehemu ndogo ya gharama ya kufungua injini: chujio la petroli. Kulibadilisha ni kazi ya chini ya saa moja. Hata hivyo, ni kazi inayomweka mtu karibu na petroli iliyo wazi, na aghalabu hufanywa kwa pupa. Tena, wengi hulitupa chujio la zamani bila kulitazama, ilhali ndilo shahidi wa pekee wa yanayotendeka ndani ya tangi.

Magari yaliyozoea vumbi

Gachoka iko katika Kaunti ya Embu, kati ya mji wa Embu na mabwawa ya kuzalisha umeme ya Mto Tana. Jina lake lilikuwa pia la eneo bunge, hadi mipaka mipya ilipoanza kutumika katika uchaguzi wa 2013 na eneo hilo likaitwa Mbeere Kusini. Barabara nyingi zinazochepuka kuelekea vijijini ni za udongo, na msimu wa kiangazi vumbi lake hupenya kila mwanya.

Magari ya kale ya michezo si wageni katika pande hizi. Mashindano ya Safari Rally, yaliyoanza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, yalikuwa na njia zilizozunguka Mlima Kenya kupitia Meru na Embu katika miaka yake ya zamani. Datsun 240Z ndiyo iliyojipatia sifa kubwa wakati huo. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller waliibuka washindi kwa gari la aina hiyo, na mwaka 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakarudia ushindi huo. Kati ya ushindi huo wa mara mbili, yaani mwaka 1972, Hannu Mikkola na Gunnar Palm walishinda kwa Ford Escort RS1600.

Kumbukumbu hiyo haijafutika. Tangu mwaka 2003 kumekuwa na mashindano ya East African Safari Classic Rally, ambayo huwarudisha barabarani akina Escort, Datsun na Porsche 911 wa zamani. Jijini Nairobi, maonyesho ya Africa Concours d'Elegance katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong huwakutanisha wenye magari yaliyotunzwa kwa miongo mingi.

Magari ya namna hii hayapatikani kwa urahisi tena. Kenya hairuhusu kwa kawaida kuingizwa kwa magari yaliyotumika ambayo umri wake umezidi miaka minane, kwa hivyo mengi ya yaliyopo ni yale yaliyokuwa nchini tangu zamani. Likiungua moja, si rahisi kupata la kulirithi.

Kazi ya chujio

Katika Datsun 240Z, petroli hukaa katika tangi la nyuma lenye ujazo wa lita 60 hivi. Pampu inayoendeshwa na injini huivuta kupitia bomba jembamba la chuma linalopita chini ya gari hadi mbele. Kabla ya kufika kwenye pampu, petroli hupita ndani ya chujio, kisha husukumwa hadi kwenye kabureta mbili zinazoilisha injini ya silinda sita yenye ukubwa wa sentimita za ujazo 2,393.

Ndani ya kabureta kuna matundu membamba mno, na vali yenye sindano inayofunga na kufungua njia ya mafuta. Chembe moja ya kutu ikikwama kwenye vali hiyo, mambo mawili yanaweza kutokea. Ama injini itakosa mafuta na kukohoa, ama vali haitafunga na petroli itafurika na kumwagika juu ya injini yenye moto. Hilo la pili ndilo limeteketeza magari mengi ya kale. Kwa hivyo, chujio huilinda injini na humlinda pia aliyeketi nyuma ya usukani.

Dalili, na magonjwa yanayofanana

Chujio lililoziba huonyesha dalili zake pale injini inapohitaji mafuta mengi: kwenye mlima, wakati wa kulipita gari jingine au baada ya mwendo mrefu wa kasi. Gari likisimama na injini ikipiga polepole, petroli kidogo inayopenya hutosha, na hivyo injini huonekana nzima.

Hata hivyo, kabla ya kununua chujio, ni busara kuyaondoa magonjwa mawili yanayofanana na hilo. La kwanza ni tundu la hewa la tangi kuziba. Petroli inapopungua, hewa hukosa nafasi ya kuingia na tangi hujivuta lenyewe. Dereva afungue kifuniko cha tangi punde gari linapozimika. Akisikia hewa ikivutwa ndani kwa nguvu, kisha gari likawaka na kwenda vizuri, kasoro imo kwenye tundu la hewa.

La pili ni joto. Katika nyanda za chini kama Mbeere, petroli iliyo ndani ya mabomba yaliyo karibu na injini inaweza kugeuka mvuke, na pampu ikashindwa kuisukuma. Hali hii hutokea zaidi gari linaposimamishwa dakika chache baada ya mwendo mrefu, na hupungua injini inapopoa. Chujio jipya halitaiponya. Dawa yake ni kuyatenga mabomba na sehemu zenye moto.

Kuchagua chujio linalofaa

Chujio la gari lenye kabureta huwa dogo, mara nyingi la plastiki angavu, na huungwa kati ya mipira miwili kwa klipu. Pampu ya gari la aina hii husukuma mafuta kwa nguvu ndogo. Magari ya kale yenye mfumo wa kupuliza mafuta kwa shinikizo, kama baadhi ya Porsche 911, ni jambo jingine kabisa. Shinikizo lao ni kubwa mara nyingi zaidi, na chujio lao huwa la chuma na huungwa kwa nati. Kuweka chujio la plastiki la kabureta katika mfumo huo ni kualika moto.

Jambo la kupimwa kwanza ni kipenyo cha bomba, ambacho katika 240Z ni takriban milimita 8. Chujio lenye mdomo mdogo halitashika vyema, na lenye mdomo mkubwa litaupasua mpira.

Katika masoko ya vijijini, chujio linalopatikana kwa wepesi zaidi ni la bodaboda. Kishawishi cha kulitumia ni kikubwa, hasa jua linapokaribia kutua. Lakini chujio hilo limeundwa kwa injini ndogo yenye silinda moja. Linaweza kulifikisha gari kwenye kituo cha karibu kwa mwendo wa pole, ila halifai kuachwa humo. Ni heri mwenye gari anunue machujio mawili kwa pamoja kutoka kwa wauza vipuri, kama wale wa Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, na moja likae kwenye buti.

Mipira nayo isisahaulike. Mpira wa maji au wa upepo hauvumilii petroli: hulainika, huvimba na kumeguka kutoka ndani. Unaofaa ni ule uliotengenezewa mafuta ya magari, ambao huchapishwa alama kama SAE 30R7. Mipira iliyokauka au yenye nyufa ibadilishwe siku hiyo hiyo, pamoja na klipu zake.

Maandalizi ya usalama

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini, hujikusanya kwenye mashimo na unaweza kufikia cheche iliyo mbali na gari. Kwa sababu hiyo, kazi hii haifanywi juu ya shimo la gereji, wala ndani ya chumba kilichofungwa, wala karibu na jiko la makaa. Katika gereji za jua kali, ambako fundi wa kuchomelea chuma huwa hatua chache kando, ni lazima mmoja wao asubiri mwenzake amalize.

Mambo yafuatayo hutangulia kabla ya spana kushikwa:

Gari lisimamishwe mahali tambarare penye hewa, magurudumu yazuiwe kwa mawe na injini iachwe ipoe kabisa. Waya hasi wa betri uondolewe ili kusiwe na cheche. Kizima moto cha unga au cha povu kiwekwe karibu, kwani maji huusambaza moto wa petroli badala ya kuuzima. Kuwe na chombo cha chuma cha kukingia mafuta, vitambaa safi visivyotoa nyuzi, glavu na miwani ya kukinga macho. Sigara isiwashwe na yeyote aliye karibu, hata kama ni mwenye gari.

Hatua kwa hatua

Kwanza, kifuniko cha tangi kifunguliwe kidogo ili shinikizo litoke, kisha kirudishwe. Ni rahisi zaidi kufanya kazi hii tangi likiwa na mafuta machache, kwa sababu tangi lililojaa linaweza kuendelea kuyamwaga mpira ukishachomolewa.

Pili, chujio litafutwe. Katika 240Z limo chini ya boneti, upande wa kulia wa injini, karibu na pampu. Mshale uliochapishwa juu yake huonyesha petroli inakoelekea. Ni vyema kupiga picha kwa simu au kuchora alama kabla ya kulitoa.

Tatu, klipu zilegezwe kwa bisibisi na kusogezwa nyuma. Mpira uzungushwe kwa mkono hadi uachie, ndipo uvutwe. Kuubandua kwa ncha ya bisibisi huupasua au hukunja mdomo wa bomba. Mpira uliogandamana kabisa na ukatwe, kwani umri wake umekwisha.

Nne, mpira unaotoka kwenye tangi uzibwe mara moja kwa boliti safi yenye kipenyo kinachoutosha. Petroli iliyosalia kwenye chujio imwagwe ndani ya chombo cheupe, wala isimwagwe ardhini, kwani huharibu udongo na maji.

Tano, chujio jipya lichomekwe, mshale ukielekea kwenye pampu. Ni rahisi kukosea hapa, kwa kuwa mpangilio wa mipira unaweza kumpotosha asiyeuzoea. Mpira uingie hadi uvuke ukingo wa mdomo wa chujio, na klipu ikae nyuma ya ukingo huo. Klipu ikazwe kiasi. Ikikazwa kupita kiasi huukata mpira au kuivunja plastiki.

Sita, petroli iliyomwagika ipanguswe, na vitambaa vilivyolowa vipelekwe mbali na gari na kuanikwa mahali penye upepo. Mvuke ukishatawanyika, betri iunganishwe na injini izungushwe. Kwa kuwa pampu huendeshwa na injini yenyewe, itachukua muda kuvuta mafuta. Stata izungushwe kwa sekunde kumi hivi, kisha ipumzishwe nusu dakika kabla ya kujaribu tena, isije ikaungua.

Saba, injini ikishawaka iachwe ipige kwa dakika tano, huku kila kiungo kikikaguliwa kwa tochi na karatasi nyeupe kavu. Karatasi ikipata hata doa moja, injini izimwe na kiungo kirekebishwe. Ukaguzi huo urudiwe injini ikizimwa, na tena baada ya kilomita 50 za kwanza.

Kulihoji chujio kuukuu

Kazi ikiisha, wengi hutupa chujio la zamani na kuondoka. Hapo ndipo hasara huanza. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na chujio lililoziba ni ufa unaoonekana kwa macho.

Petroli iliyomwagwa kwenye chombo cheupe iachwe itulie. Chembe nyekundu au za hudhurungi zinazoifuata sumaku ni kutu, na hutoka ndani ya tangi. Matone yanayojitenga chini na kuteleza kama shanga ni maji. Vipande vyeusi na laini ni mipira inayomeguka. Udongo mwembamba unaonyesha vumbi lililoingia kupitia kifuniko kisichofunga, au kupitia jerikani chafu. Utando wa rangi ya kahawia unaonata na kunuka vibaya ni mabaki ya petroli iliyozeeka, jambo la kawaida kwa gari linalolala miezi mingi likisubiri maonyesho.

Pia kuna suala la mafuta yaliyoghoshiwa. Kwa miaka mingi baadhi ya wauzaji nchini Kenya walichanganya mafuta ya taa na petroli au dizeli, wakivutiwa na tofauti ya bei. Mwaka 2018 serikali ilianzisha ada ya Sh18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuiziba tofauti hiyo, na mamlaka ya kusimamia kawi, EPRA, hupima mafuta katika vituo vya kuuzia. Mwenye gari naye anaweza kufanya jaribio dogo, mbali na moto: adondoshe tone la petroli kwenye karatasi nyeupe. Petroli safi hukauka upesi na kuacha alama hafifu au isiache kabisa. Doa la mafuta likidumu, kuna sababu ya kukishuku kituo kilichouza. Jaribio hili halitoshi kumshtaki mtu, lakini linatosha kumfanya dereva abadilishe kituo.

Tangi tupu si salama

Chujio jipya likiziba tena baada ya wiki chache, maana yake ni kwamba tangi lenyewe linaoza. Tiba ni kulishusha, kulisafisha na kulikinga dhidi ya kutu, au kulibadilisha.

Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko zote. Tangi likivuja, mwenyewe hulimwaga hadi tone la mwisho na kulipeleka kwa fundi wa kuchomelea, akiamini kwamba tangi tupu ni salama. Ukweli ni kinyume. Petroli huwaka kwa mvuke wake uliochanganyika na hewa, na tangi lililomwagwa limejaa mchanganyiko huo. Cheche moja hulilipua kama bomu. Tangi la petroli halichomelewi kabla ya kuoshwa na kuondolewa mvuke wote na mtu aliyefunzwa kazi hiyo, hata kama limekaa juani siku nzima.

Mazoea mengine yanayofaa kukomeshwa ni kuvuta petroli kwa mdomo kupitia mpira. Matone machache yakiingia mapafuni yanaweza kusababisha ugonjwa mbaya wa mapafu. Aliyeyameza asilazimishwe kutapika, kwa kuwa petroli inaweza kuingia mapafuni inaporudi. Apelekwe hospitalini bila kuchelewa. Pampu ndogo ya mkono hufanya kazi hiyo bila kuhatarisha maisha ya mtu.

Kabla ya safari nyingine

Kwa gari la kale linalopita barabara za vumbi, ni vyema chujio likaguliwe kila linapofanyiwa huduma, na libadilishwe angalau mara moja kwa mwaka, hata kama limetembea kilomita chache. Gari linalolala muda mrefu lisiachwe na petroli ile ile kwa miezi mingi. Mafuta yanunuliwe kwenye kituo chenye wateja wengi, badala ya chupa za kando ya barabara, na jerikani inayotumiwa kwa petroli isitumiwe kwa kitu kingine.

Kifurushi cha kubeba ni kidogo: chujio moja la akiba, klipu nne, nusu mita ya mpira wa petroli, bisibisi, boliti ya kuzibia, tochi na kizima moto. Vyote huenea ndani ya mfuko mmoja nyuma ya kiti.

Mwenye kifurushi hicho gari lake likikohoa karibu na Gachoka, hatalazimika kusubiri gari la kulivuta kutoka Embu. Atasimama kivulini, asubiri injini ipoe na abadilishe chujio. Kisha atalikung'uta lile la zamani kwenye kitambaa cheupe ili ajue, kabla ya kuwasha injini, kama kilichomsimamisha ni vumbi la barabarani au ni kutu ya tangi lake mwenyewe.